Trekta dogo la kusafisha theluji majumbani: kabla ya kununua zana, jiulize theluji ya Februari utaiweka wapi

mtoto_wa_Basotu (Ottawa)

Wakuu, poleni na baridi.

Ikifika Oktoba simu yangu hujaa swali moja. Ndugu amenunua trekta dogo, lina loda (mikono ya kuinulia) na baketi mbele, anataka kuanza kusafisha theluji kwenye njia za gereji za watu, anauliza aongeze zana gani. Nimekuwa nikimjibu kila mmoja peke yake. Leo naliweka lote hapa, hata atakayekuja mwakani alikute.

Nimezaliwa Basotu, Hanang. Mzee wangu aliendesha trekta kwenye yale mashamba makubwa ya ngano yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada, mashamba ambayo yaliwanyang'anya Wabarbaig malisho yao, na jambo hilo kwetu halijasahaulika. Nilikua nikijua trekta ni jembe. Nilipofika Ottawa nikakuta trekta ni koleo, na yale niliyoyajua kuhusu udongo yakanipotosha kuhusu theluji. Udongo ukiusukuma pembeni, mvua mbili tatu zinausambaza. Theluji ukiisukuma pembeni inakungoja hapo hapo mpaka Aprili.

Msimu wa kwanza nilikuwa na nyumba 11 na baketi peke yake. Desemba ilikwenda vizuri. Mwisho wa Januari, kwenye nyumba moja ya kona, rundo langu lilikuwa limefika usawa wa dirisha la sebule. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima. Alinieleza kwa upole kwamba asubuhi akirudi nyuma na gari haoni barabara, kwa hiyo kila siku anamwomba jirani asimame njiani amwongoze. Siku ile nilipanda juu ya lile rundo na koleo la mkono, nikalishusha kwa saa tatu. Nikiwa kule juu ndipo nilipoielewa kazi hii: mteja analipia theluji iende mahali ambapo haitamrudia.

Fanyeni hesabu. Njia ya gereji ya magari mawili, upana mita 6, urefu mita 12. Zikianguka sentimita 20, hapo kuna zaidi ya mita za ujazo 14. Theluji laini ya kilo 100 kwa mita ya ujazo inakupa karibu tani moja na nusu, na iliyolowa huweza kufika mara tatu ya hapo. Hiyo ni siku moja. Ottawa kwa mwaka wa kawaida hupata kama mita mbili za theluji, na msimu wa 2007 hadi 2008 ilipita mita nne. Barabarani huruhusiwi kuimwaga, sheria ya barabara ya Ontario inakataza, na kwa jirani ni ugomvi. Inabaki bustani ya mbele ya mteja mwenyewe. Ukiisukuma kwenye bustani inajaa ukingoni na kugeuka ukuta. Ukiirusha inatawanyika bustani nzima, mita nane, kumi, na inalala chini.

Kwa hiyo kwa nyumba za mjini zana ya kwanza ni blowa (mashine inayomeza theluji na kuirusha mbali), na mimi nawashauri ile ya kuvutwa. Wenzetu wa Quebec wameizoea miaka mingi na viwanda vyake viko huko huko, Normand na Pronovost ni majina mtakayoyakuta kila mahali. Inafungwa nyuma kwenye pointi tatu (mikono ya nyuma ya trekta ya kufungia na kuinulia zana), lakini mdomo wake unatazama mbele, kwenye trekta. Unaingia kinyumenyume blowa ikiwa juu, unasogea mpaka kiganja kimoja kutoka mlango wa gereji, unaishusha, unawasha PTO (mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye zana), halafu unaondoka kwenda mbele huku ukitazama unakokwenda. Inakokota theluji yote kutoka mlangoni na kuirusha kando kupitia bomba la juu. Unafika barabarani, unainua, umemaliza. Njia ile ya magari mawili iliyonichukua dakika 12 kwa baketi, sasa naifanya kwa dakika tatu, mipigo minne. Blowa ya kawaida ya nyuma nayo inafanya kazi, ila unaisukuma kinyumenyume usiku kucha shingo ikiwa imegeuka. Na kule mlangoni haiwezi kabisa kukokota, itabidi ushuke na koleo.

Sasa nguvu. Soma hp za PTO, usidanganywe na hp za injini zilizobandikwa kwenye boneti. Kipimo tunachotumia, kwa makadirio, ni hp 5 za PTO kwa kila futi ya upana wa blowa. Trekta langu lina hp 35 kwenye injini na 27 kwenye PTO, blowa yangu ni inchi 63. Inatosha kwa theluji ya kawaida. Kwenye tuta linaloachwa na greda la manispaa mdomoni mwa njia, lile zito lenye mabonge ya barafu, natembea polepole sana. Blowa iwe pana kuliko nje ya matairi yako, ukihesabu na minyororo, la sivyo kila ukipita unaacha mistari miwili iliyoshindiliwa ambayo kesho ni barafu.

Kitu cha pili, na wengi wanakiruka: uzito. Blowa ya kuvutwa ni nzito, yangu inakaribia kilo 300, na iko nyuma kabisa. Angalia trekta lako linainua kilo ngapi kwenye kipimo cha inchi 24 nyuma ya pointi, maana ile namba kubwa ya kwenye tangazo hupimwa kwenye ncha za mikono. Likiinua, bado mbele kutakuwa kwepesi na usukani utaelea. Ndiyo maana loda siitoi. Baketi inakaa pale kama uzito, na mara moja moja inanisaidia kusogeza tuta. Anayetumia loda bila zana nzito nyuma anahitaji kinyume chake: boksi la zege au vyuma kwenye pointi tatu, na maji kwenye matairi ya nyuma. Nikisema maji sina maana ya maji ya bomba, hayo yataganda. Huku wanajaza kimiminika cha kiazisukari, ni kizito na hakili ringi. Kloridi ya kalsiamu nayo haigandi, lakini ikivuja inakula chuma.

Matairi. Trekta nyingi ndogo zinakuja na R4, yale magumu yenye vitalu vipana. Kwenye ardhi ya kawaida yanafaa, kwenye lami yenye barafu yanateleza kama sabuni. Ukiwa na R3, yale ya ukoka, usiyadharau, kwenye theluji yanashika kuliko R4. Wakandarasi wengi wa hapa na Quebec wanafunga matairi ya baridi ya trekta ya Nokian kutoka Finland. Mimi nilivumilia misimu mitatu na minyororo kabla ya kuyamudu. Minyororo inashika vizuri, ila inachora lami ya mteja, na kabla ya kuinunua pima nafasi kati ya tairi na mbawa (madigadi), pamoja na mabomba ya haidroliki. Kwenye trekta dogo nafasi hiyo mara nyingi haitoshi bila kuongeza spesa (kipande cha kuisogeza nje) kwenye ringi.

Mengine kwa ufupi. Vijiti vya alama vichomekwe mwishoni mwa Oktoba, kabla ardhi haijaganda, kila upande wa njia. Taa za LED huangaza vizuri lakini hazitoi joto la kuyeyusha theluji inayoziganda usoni, zifute. Taa ya njano inayozunguka juu ya kebini iwepo. Jiji la Ottawa lina leseni yake kwa wakandarasi wa theluji, na bima ya nyumba yako haigusi kazi hii. Bolti za kukatika (hukatika zenyewe blowa ikikwama, ili gia zisivunjike) beba kumi, si mbili.

Nawasilisha. Ulizeni.

mwana_Kivu (Gatineau)

Aksanti sana yaya kwa hii maelezo. Mimi niko na trekta ya hp 23, nilinunua kwa mzee mmoja mwenye alikuwa anakatia majani. Iko na PTO ya nyuma na ya katikati. Nyumba niko nazo nne, na yangu ya tano. Ile blowa ya kuvutwa nimeuliza, bei ni mingi, na muuzaji mwenyewe ananiambia trekta yangu haitaiinua. Sasa nifanye nini, niuze trekta?

mtoto_wa_Basotu

Usiuze, mdogo wangu. Trekta chini ya hp 25 lina faida yake: kwa kanuni za moshi za Amerika Kaskazini injini hizo hazikulazimika kufungwa chujio la masizi. Langu linalo, na nikiliacha linaunguruma bila kazi kwenye baridi chujio linaziba, halafu linataka lichome masizi yake wakati mimi nina foleni ya nyumba.

Muuzaji kakwambia ukweli kuhusu kuinua. Una njia mbili. PTO ya katikati inaendesha blowa ya mbele. Unaona kazi yako yote, shingo haiumi, ila loda inatoka msimu mzima, kuifunga ni kazi ya Jumamosi nzima, na bei yake si ndogo. Njia ya pili ni blowa ya kawaida ya nyuma, futi 4, ya mtumba. Kwa nyumba tano shingo yako itavumilia. Tafuta ya futi 4 ambayo giaboksi yake haina kilio: shika parafujo (ile skrubu kubwa ya mbele inayokusanya theluji) kwa mkono, PTO ikiwa haijaunganishwa, izungushe polepole usikilize. Ikigongagonga iache.

Lakini hakikisha kwanza futi 4 inafunika matairi yako. Pima nje kwa nje leo, kabla hujampigia mtu simu.

Na kwa ile theluji ya mlangoni, kwa kuwa blowa hiyo haitaikokota, geuza baketi yako. Isogeze mpaka mlangoni, inamisha mdomo chini, rudi nyuma nayo taratibu ukiikokota mita tatu, nne. Ukishaitoa mlangoni, geuza trekta uirushe. Inaongeza dakika tano kwa nyumba. Usikokote kwa nguvu wala kwa kasi, mikono ya loda haikutengenezwa kuvuta namna hiyo na silinda zitapinda.

kipkaren_duluth (Minnesota)

Habari wakuu. Uzi mzuri, lakini mimi nakataa kidogo. Hii ya "blowa kwanza" ni ya watu wa town. Mimi nakaa nje ya Duluth, njia yangu ni ya changarawe, mita 180 kutoka barabara mpaka nyumba, na kila upande ni shamba. Pa kusukuma theluji ninapo hadi basi. Niko na bleidi ya mbele inayogeuzwa na haidroliki, futi 6, nasafisha yote kwa dakika ishirini. Mwaka wa kwanza nilikuwa na blowa na shida ilikuwa mawe. Ilirusha jiwe likapasua kioo cha pickup yangu mwenyewe. Mtu mwenye njia ya changarawe asianze na blowa.

mtoto_wa_Basotu

Kaka, umesema kweli na nakubali. Kichwa cha uzi kinauliza theluji utaiweka wapi, na wewe jibu unalo: shambani. Mwenye nafasi pande zote mbili bleidi inamtosha, ni rahisi, haina bolti za kukatika wala mnyororo wa kukaza.

Nina mambo mawili tu ya kuongeza. Ukingo wa kwanza, ule wa Desemba, usukume mbali kuliko unavyodhani unahitaji, mita mbili nje ya njia. Usipofanya hivyo, Februari njia yako imekuwa mfereji na kila upepo unaijaza. Pili, kwenye changarawe acha theluji ya kwanza ishindiliwe igande, iwe sakafu yako. Viatu vya bleidi (vile vibao vya chuma vinavyoteleza chini yake) vishushwe ili makali yabaki sentimita mbili au tatu juu ya ardhi. Kwenye lami ni kinyume, mimi nabakiza milimita chache. Ukikosea hapo utaikuta changarawe yote kwenye majani majira ya kuchipua, uiokote kwa reki.

mama_Nuru (Ottawa)

Mimi sina trekta, mimi ni mteja. Mwaka juzi mkandarasi wetu aling'oa pevingi sita mbele ya gereji na hakurudi kuzirudishia. Nilimpigia mpaka nikachoka. Nilikuwa nadhani ni mashine tu, kumbe kuna mtu anaweza kufanya vizuri akitaka. Nauliza mambo mawili. Nifanye nini ili pevingi zangu zisiguswe? Na wanangu wanapenda kuchimba mapango kwenye rundo la theluji pale mbele. Trekta linakuja usiku lakini mara nyingine linarudi mchana. Nina wasiwasi.

mtoto_wa_Basotu

Dada, pole kwa yaliyokupata. Pevingi: kabla ya kusaini, mwombe mkandarasi aje aione njia ikiwa kavu, mwonyeshe kila iliyoinuka, piga picha mkiwa wote wawili. Muulize blowa yake ina ukingo wa chuma au wa mpira. Ukingo wa chuma uliowekwa chini sana ukikutana na tofali lililonyanyuliwa na ardhi iliyoganda, utaling'oa tu, hata dereva awe makini vipi. Mimi kwenye pevingi ninashusha viatu ili makali yainuke, na kumwambia mteja wazi kwamba nitabakiza theluji nyembamba. Mwingine anakasirika, lakini tofali zake zipo.

Kuhusu watoto, nakuomba kwa moyo wangu wote wasichimbe karibu na njia wala karibu na barabara, hata mchana, hata kama trekta limeshapita. Mtoto akiwa ndani ya rundo simwoni. Nimeketi juu, kebini ina joto, kioo kina ukungu, nyuma kuna wingu la theluji. Greda la manispaa ndilo kabisa halimwoni. Wapeni uwanja wa nyuma ya nyumba, huko hakuna trekta linaloingia.

Nami nieleze upande wangu ili na wenye matrekta wasikie. Nikiona kiatu kidogo, sleji, au kijiko cha plastiki kwenye theluji ya mteja, nasimama. Nazima PTO, nashuka, nazunguka rundo lote kwa miguu ndipo naendelea. Inanigharimu dakika mbili. Na blowa ikiziba, zimeni PTO, zimeni injini, toeni ufunguo, ngojeni kila kitu kisimame, halafu izibueni kwa kipande cha mti. Mkono usiingie kwenye bomba hata injini ikiwa imezimwa, kwa sababu parafujo iliyokwama inaweza kuwa imebana nguvu ndani yake, na ile barafu ikitoka inajizungusha. Namfahamu kijana aliyepoteza vidole viwili hivyo hivyo, injini ikiwa imezima.

fundi_dizeli (Calgary)

Naongezea kwenye injini, maana hapo ndipo wananipigia saa kumi alfajiri. Dizeli ya kiangazi ina nta, baridi ikizidi inaganda kama samli na chujio linaziba. Anayenunua dizeli Agosti na kuiweka kwenye madumu atumie yote kabla ya Novemba, au aweke dawa ya kuzuia kuganda mapema. Dizeli ikishaganda, ile dawa ya kuzuia haiyeyushi kitu. Hita ya injini ichomekwe saa mbili au tatu kabla ya kuwasha, siyo usiku kucha, umeme unalipiwa. Ukiwasha, liache dakika kumi, oili ya haidroliki ndiyo inayochelewa kupata moto. Ukilikanyaga mapema utasikia pampu inalia, na kilio hicho ni pesa. Betri ambayo Oktoba inasuasua, Januari imekufa, badilisha tu.

mtoto_wa_Basotu

Asante fundi. Wenye trekta za haidrostati (zinazotembea kwa nguvu ya oili ya haidroliki) lisomeni hilo la dakika kumi mara mbili.

mwana_Kivu

Yaya uko macho? Ni saa tisa ya usiku, samahani sana. Nilipata blowa ya futi 4 kama ulisema, nikapima, inafunika matairi. Leo ndiyo theluji ya kwanza ya kweli, na nyumba mbili zilienda vizuri sana. Nyumba ya tatu ilimeza gazeti lenye lilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki chini ya theluji. Mlio mmoja, tak, parafujo ikasimama, feni ya kurushia inaendelea kuzunguka. Nilizima kila kitu, nikatoa gazeti na mti kama ulisema. Bolti imekatika mara mbili. Nilikuwa na za akiba mbili, ya kwanza nikaiweka, ikakatika tena kwa kipande cha gazeti chenye kilibaki, ya pili ikaniponyoka mkononi ikaingia kwenye theluji. Nimetafuta na taa nusu saa. Kwenye gari niko na bolti ingine, saizi ni ile ile, lakini kichwa chake kiko na mistari sita. Niweke hiyo nimalize?

mtoto_wa_Basotu

Usiiweke! Mistari sita ni daraja la 8, chuma kigumu. Bolti ya kukatika imetengenezwa ife ili giaboksi iishi. Ukiweka hiyo, gazeti lijalo halitakata bolti, litavunja meno ya gia ndani, na giaboksi ya mtumba hutaipata kabla ya Krismasi. Hata ya daraja la 5 usiweke kama kitabu cha blowa hakijasema.

Acha trekta likiwa limezimwa, ingia kwenye gari upate joto, tena ondoa theluji kwanza kwenye bomba la moshi la gari kabla hujawasha. Nitumie mtaa kwa ujumbe wa pembeni. Nina boksi zima la bolti za inchi robo na za tano ya kumi na sita, moja kati ya hizo itakuwa yako. Nimemaliza nyumba zangu za upande huu na njia ya daraja la mto la kuja Gatineau imeshasafishwa. Nipe dakika 25.